Nembo ya Tunduma, unga wa Nakonde

Swali: Nasaga unga wa lishe Tunduma. Mfanyabiashara wa Nakonde, Zambia, anataka kuusaga kwao kwa nembo yangu, anilipe kwa kila mfuko. Nembo nimeisajili BRELA. Nikubali?

Jibu: Kubali, ila usitie saini bado. Usajili wa BRELA unalinda nembo Tanzania Bara tu. Hata Zanzibar ina msajili wake. Zambia msajili ni PACRA. Sajili huko kwanza, kwa jina lako mwenyewe. Mwenzako akitangulia, kuirudisha ni kesi na gharama. Mkataba utaje mrabaha, eneo la kuuzia, na haki yako ya kuingia mashineni kukagua unga bila taarifa. Hapo usilegeze hata kidogo: mteja akikuta mchanga kwenye uji, atasusa hata mifuko unayouza Vwawa, upande wa Tanzania. Mkiachana, mifuko iliyobaki yenye nembo irudi kwako.