SOMO LA WAFANYAKAZI: KUCHAGUA SPIKA ZA STUDIO KWA FEDHA KIDOGO



Siku hizi tawi la chama lenye kompyuta moja na maikrofoni moja laweza kuanza kunasa sauti: nyimbo za kwaya, maigizo, matangazo na masomo ya chama. Lakini mara nyingi kazi husikika vizuri sana pale ofisini, kisha ikipelekwa kambini na kuchezwa katika simu na redio ndogo, maneno hayashikiki. Kama ni wimbo, hasara si kubwa. Kama ni maelezo ya kujikinga na dawa ya kunyunyizia mimea, au ufafanuzi wa kifungu cha mkataba wa hali bora, mwanachama anaweza kuumia au kupoteza haki yake kwa sababu hakusikia vizuri.

Sababu moja kubwa ni spika alizotumia fundi wakati wa kuchanganya sauti. Fedha za kuzinunua hutoka katika ada za wanachama, kwa hiyo halmashauri ya tawi yapaswa kujua inanunua nini kabla ya kwenda dukani.

1. KAZI YA SPIKA YA STUDIO

Spika ya nyumbani hutengenezwa ili impendeze msikilizaji. Watengenezaji wengi huiongezea besi na ukali wa juu. Spika ya studio kazi yake ni kukagua: itoe sauti kama ilivyonaswa, na ubaya wake uonekane.

Tazameni jinsi kosa linavyopatikana. Spika ikiongeza besi, fundi hudhani besi imezidi katika kazi yake, naye huipunguza. Kazi ikitoka nje inakuwa nyepesi, haina uzito. Spika ikificha besi, fundi huiongeza, na huko nje inavuma hadi maneno yanafunikwa. Kila uongo wa spika huzaa uongo wa kinyume katika kazi. Ndiyo maana tunatafuta spika inayosema kweli, na si lazima iwe inayopendeza.

2. MFANO WA NS-10

Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa spika ndogo yenye koni nyeupe, iitwayo NS-10, kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Wanunuzi wa nyumbani hawakuipenda sana. Besi yake ilikuwa ndogo, na sauti za kati, ambamo maneno ya binadamu hukaa, zilijitokeza mno. Lakini katika miaka ya 1980 mafundi wa studio waliichukua kwa sababu hiyo hiyo. Kasoro ya sauti za kati ilionekana mara moja, na waliona kwamba kazi ikisikika vizuri ndani yake, itasikika vizuri mahali pengi. Wengine walifunika twita kwa karatasi laini ya msalani ili kupunguza ukali. Mwaka 1987 Yamaha ikatoa aina yake ya studio, na mwaka 2001 ikaacha kuitengeneza kwa kuwa malighafi ya ile koni haikupatikana tena.

Tusiikimbilie NS-10 kuukuu leo. Vipuri vyake ni adimu, na wakusanyaji wamepandisha bei. Tuchukue funzo lake tu: spika isiyosifiwa sebuleni yaweza kuwa chombo bora cha kazi, ikiwa fundi anaijua tabia yake.

3. UKUBWA WA SPIKA NA UKUBWA WA CHUMBA

Wengi hudhani wufa kubwa ndiyo spika bora. Katika ofisi ndogo ya tawi sivyo. Sauti nzito hugonga ukuta na kurudi, na kila chumba kina sauti zake kinazozikuza. Hesabu yake ni rahisi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 3.5 kitakuza sauti ya karibu mitetemo 49 kwa sekunde, yaani Hezi 49. Chumba chenye mita 3 kwa urefu, upana na kimo ni kibaya zaidi, maana pande zote zinakuza sauti ile ile ya Hezi 57.

Spika ya wufa ya inchi 8 katika chumba kama hicho itaamsha mvumo huo, na fundi hatajua kama anasikia kazi yake au anasikia ukuta. Kwa chumba kidogo, spika za inchi 5 zinatosha. Kwa hotuba na matangazo zinatosha kabisa, maana sauti ya kawaida ya mwanamume huanzia karibu Hezi 100. Ila waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutoa Hezi 41, na spika za inchi 5 nyingi hazifiki huko kwa nguvu. Besi ya bendi ikaguliwe pia kwa hedifoni.

Kwa fedha kidogo, chagueni spika zenye amplifaya ndani. Amplifaya hiyo imepimwa na kiwanda kulingana na wufa na twita zake, nanyi hamtanunua amplifaya nyingine.

4. KUSOMA KARATASI YA VIPIMO

Muuzaji atawaonyesha namba moja kubwa. Ulizeni imepimwaje. Tuchukue Yamaha HS5, iliyotoka mwaka 2013. Karatasi yake inasema inafika chini hadi Hezi 54 ukikubali sauti iwe imepungua desibeli 10, lakini ni Hezi 74 ukikubali ipungue desibeli 3 tu. Spika ni moja, namba ni mbili. Ukilinganisha spika mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa kiasi kimoja cha kupungua. Karatasi isiyotaja kiasi hicho haina maana.

Watti nazo zisiwapumbaze. Fundi anayekaa mita moja kutoka kwenye spika hahitaji nguvu za kujaza uwanja wa mkutano.

5. KUZIWEKA MAHALI PAKE

Jambo hili halina gharama, nalo hubadilisha sauti kuliko tofauti nyingi za bei.

(a) Spika mbili na kichwa cha fundi vifanye pembetatu yenye pande tatu sawa, na twita ziwe kimo cha masikio.
(b) Msiziweke pembeni kabisa mwa chumba, maana kona huongeza besi.
(c) Fundi asikae katikati kabisa ya chumba, kwa kuwa hapo baadhi ya besi hupotea.
(d) Msiziweke juu ya meza tupu inayotetemeka. Matofali na kipande cha mpira wa tairi chini yake vyafaa.
(e) Ukutani, pande mbili za fundi, tundikeni mablanketi mazito au magodoro ya sufi. Trei za mayai hazisaidii kitu cha maana; hazizuii kelele wala hazimezi besi.

6. KUNUNUA ZILIZOTUMIKA

Spika zilizotumika huokoa fedha ikiwa mtazikagua. Angalieni mpindo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, huoza kwa miaka na joto, na ukiuminya unakatika. Bonyezeni koni taratibu kwa vidole vyote. Ikikwaruza, koili imeharibika. Washeni bila wimbo na msikilize kama inavuma. Kisha chezeni sauti ya mtu mmoja katika spika zote mbili, isikike katikati. Ikiwa imetawanyika na besi imepotea, huenda nyaya za upande mmoja zimegeuzwa.

Someni pia volti zilizoandikwa nyuma. Vifaa vya Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120, na umeme wa nchi zetu ni 230 au 240. Spika ya volti 100 ikichomekwa ukutani bila kibadilishi itaungua siku ile ile.

7. KUGAWA FEDHA

Tuseme tawi limetenga mafungu 10. Msimalize yote kwa spika. Mgawanyo ufuatao waweza kuwa mwongozo:

Spika mbili: mafungu 5.
Stebilaiza ya umeme: mafungu 2.
Hedifoni: fungu 1.
Nyaya nzuri na stendi: fungu 1.
Mablanketi na kutengeneza chumba: fungu 1.

Stebilaiza isiachwe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, amplifaya iliyo ndani ya spika huweza kufa, na fedha za wanachama zikafa nayo. Baada ya kununua, nambari za vifaa ziandikwe katika daftari la mali ya tawi.

8. MASIKIO YA MFANYAKAZI

Ndugu, chombo cha mwisho ni sikio, na sisi wa viwandani masikio yetu yameajiriwa pamoja nasi. Pendekezo la NIOSH ya Marekani la mwaka 1998 ni kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda upungue nusu: 88 kwa saa 4, na 91 kwa saa 2. Kelele za mashine huharibu kwanza usikivu wa sauti za karibu Hezi 4,000, jirani na zile herufi s, sh na f zinapojitofautisha. Mwenye dhara hilo akichanganya sauti, ataongeza ukali mpaka wenzake waumwe masikio.

Hata sikio zima huwa zito kwa muda baada ya zamu. Kanuni za Marekani hutaka mfanyakazi akae saa 14 mbali na kelele za kazini kabla ya kipimo chake cha kwanza cha usikivu. Basi nasi tusichanganye sauti usiku baada ya kutoka kwenye mashine. Kazi hiyo ifanywe siku ya mapumziko, kwa sauti ya chini kiasi cha watu wawili kuweza kuzungumza bila kupaza sauti. Ikikamilika, ichezwe katika simu na redio ya kawaida, mbele ya mwanachama ambaye hakuwapo wakati wa kunasa. Mwambieni arudie alichosikia. Akirudia sawasawa, ifungwe na kupelekwa.

Mwenye kuona kwamba usikivu wake umepungua asinyamaze. Alipeleke jambo hilo kwa mwakilishi wa usalama kazini, maana huenda wote wa idara yake wanapungukiwa.

MASWALI YA KUJADILIWA TAWINI

1. Chumba chetu kina urefu, upana na kimo gani? Kinakuza Hezi ngapi?
2. Wanachama wetu husikiliza zaidi kwa chombo gani: simu, redio au spika ya mkutano?
3. Nani atakagua spika kabla ya mweka hazina kulipa?
4. Je, kelele za idara zetu zimewahi kupimwa? Kama bado, tutadai zipimwe lini?