Mzigo Unaokwenda na Kurudi: Ushauri kwa Wenye Magari na Pikipiki Butembo

Lori linalotoka Kasindi hadi Butembo husafiri kilomita kama 130, kwanza 80 hivi mpaka Beni, kisha 54 hivi. Njia nzima, chesisi na springi hubeba uzito, huupunguza wakati gurudumu linapotumbukia shimoni, halafu huupokea tena kwa kishindo. Sisi tumezoea kuuliza gari linabeba tani ngapi. Swali hilo ni nusu tu; nusu nyingine ni mzigo huo umekwenda na kurudi mara ngapi.

Chuma laini cha mabomba na mabamba huweza kuvutika milimita 1 na kidogo kwa kila mita, kisha kikarudi urefu wake. Kikipita hapo, hata ukishusha mzigo wote, umbo la zamani halirudi.

Chukua waya laini wa kufungia nondo, uupinde na kuunyoosha harakaharaka. Pale palipopinda huwa pagumu na pa moto, kabla haujakatika. Kuna jambo jingine ambalo vidole havilihisi kwa urahisi: chuma kikishapinda upande mmoja, huanza kulegea mapema kikisukumwa upande wa pili. Johann Bauschinger, profesa wa Munich, alilieleza katika miaka ya 1880. Ndiyo maana kereya ya pikipiki iliyopinda kwa magunia ya kahawa, hata ikinyooshwa ikaonekana mpya, si ile uliyoinunua.

Wahandisi wanaotabiri mambo haya kwa hesabu hawakipi chuma namba moja ya nguvu na kuishia hapo. Hukipa eneo la mizigo ambayo kinaivumilia na kurudi, kisha huliacha eneo hilo lipanuke au lisogee kufuata mzigo uliopita. Mwaka 1966 watafiti Armstrong na Frederick, huko Uingereza, waliandika mlinganyo ambamo eneo hilo linasogea huku likisahau kidogo yaliyopita. Mlinganyo wa namna hiyo unaonyesha jinsi mzigo unaorudia upande uleule unavyoongeza mpindo kidogo kila safari. Springi nayo huweza kulala hivyo bila hata bamba moja kuvunjika.

Hapa katika komini ya Kimemi, kama mjini Butembo kote, kuchomelea ni dawa ya kila ugonjwa. Kwa springi ni sumu. Mabamba yake yamepewa ugumu kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa kuchomelea huuharibu na kuacha sehemu inayokatika kirahisi. Badilisha bamba.

Kwenye kereya na chesisi, tazama ukingo wa kila mshono. Mshono uliochomelewa huchoka haraka mno mzigo ukizidi: mtikisiko wa nguvu ukiwa mara 2, umri wake hushuka hadi karibu sehemu 1 ya 8. Abiria wa tatu kwenye pikipiki ana gharama kubwa kuliko nauli yake.

Ukishuku ufa, safisha mahali hapo, paka mafuta ya taa mbali na moto, subiri, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapenya na kuchora mstari kwenye chaki. Karakana za reli zilikagua ekseli kwa njia ya namna hiyo. Mstari ukitokea kwenye uma wa mbele au ekseli, usitafute fundi wa kuunga, tafuta kipuri.