Masaa Sita ya Kuokoa Korodani

Somo hili wengi hulionea haya. Tulisome pamoja, akina mama pia, maana watoto ni wetu sote.

Korodani huning'inia kwa kamba yenye mishipa ya damu. Kamba ikijisokota, damu haipiti. Kijana anashikwa na maumivu makali ghafla, pengine usiku akiwa amelala. Korodani moja inavimba na kupanda juu. Wengine wanatapika, au kwa haya wanasema tu, "Tumbo inauma."

Hutokea mara ngapi? Hukadiriwa kwamba kila mwaka hupatwa mmoja kati ya wanaume 4,000 walio chini ya miaka 25. Wengi ni vijana wa miaka 12 hadi 18.

Je, lina majira? Katika nchi kadhaa madaktari wameona wagonjwa wengi zaidi miezi ya baridi. Inadhaniwa baridi hukaza msuli unaovuta korodani juu. Tafiti nyingine hazikuona tofauti. Basi Julai tuwe macho, na Januari tusilale.

Tiba ni upasuaji. Ukifanywa kabla ya masaa 6 tangu maumivu yaanze, karibu kila mara korodani huokoka. Yakipita masaa 24, ni nadra. Kwa hivyo usimkande, wala usimpe dawa ya maumivu mkangoja kupambazuke.

Tujadiliane:
1. Kijana wetu atamwambia nani bila kuona haya?
2. Hospitali gani ya karibu hupasua usiku, na tutamfikisha kwa gari la nani?