Rozari Isiyo na Unafiki: Fundisho kutoka Shule ya Kibeho



Wapendwa katika Kristo, mwezi wa Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu. Ukipita jioni kati ya nyumba zetu hapa upande wa Kanama, utasikia Salamu Maria ikitoka mlango mmoja hadi mwingine, nyumba hii kwa Kiswahili, nyumba ile kwa Kinyarwanda. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya sala hiyo. Wengi wetu tulivuka mpaka bila mzigo wowote, lakini Rozari tulikuwa nayo mfukoni au shingoni.

Hata hivyo, kuna jambo limetugusa moyo, nasi tumeona vema kulileta katika fundisho hili. Siku moja watoto wetu walisali Rozari pamoja na wenzao wa shule. Walipiga magoti vizuri, wakaitikia vizuri. Walipotoka nje wakaanza kuchekana: huyu ni wa Masisi, yule ni wa Rutshuru, huyu ni mwenyeji, yule ni mkimbizi wa kula mgao. Mtoto mmoja alirudi nyumbani analia na kesho yake akakataa kwenda kusali. Mama yake akatuuliza: "Ninyi walimu wa dini, mnawafundisha watoto kumheshimu Mama gani, ambaye watoto wake hawasalimiani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Leo tunajaribu kulijibu swali lake.

1. KWANZA TUELEWANE: TUNAMHESHIMU, HATUMWABUDU

Majirani zetu wa makanisa mengine hutuuliza mara nyingi kama Wakatoliki wanamwabudu Maria. Jibu ni hapana. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria ni kiumbe kama sisi, aliyeitikia neno la Mungu kwa imani (Luka 1:26-38). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulimweka Maria ndani ya mafundisho juu ya Kanisa, ili tumwone kuwa mmoja wetu, aliyetutangulia katika kumfuata Kristo.

Rozari nayo ni sala ya kumtazama Yesu tukiwa pamoja na Mama yake. Ndiyo maana tunatafakari matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, pamoja na matendo ya mwanga yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Midomo inasema Salamu Maria, lakini moyo unatembea na Yesu kutoka Nazareti hadi Kalvario, na hadi kaburi lililo wazi. Anayesali Rozari bila kutaka kufanana na Yesu anahesabu punje tu.

2. SHULE YA KIBEHO

Kibeho ni parokia iliyoko kusini mwa Rwanda, katika Jimbo la Gikongoro. Wenzetu waliopita Nkamira mwaka 2012 na kupelekwa kambi ya Kigeme wanaifahamu milima ya upande ule. Mwaka 1981 palikuwa na shule ya sekondari ya wasichana wa bweni. Ilikuwa shule ya kawaida, yenye masista, walimu, kengele ya darasa, na wanafunzi wa sehemu mbalimbali za nchi. Wengine walikuwa wacha Mungu, wengine hawakujali sana.

Tarehe 28 Novemba 1981, saa za chakula cha mchana, msichana mmoja aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake katika bwalo. Akasikia sauti ikimwita, akamwona Mama mwenye uzuri mkubwa. Alipouliza yeye ni nani, aliambiwa kwamba ni Mama wa Neno, kwa Kinyarwanda Nyina wa Jambo.

Je, shule ilipokeaje? Wapendwa, tusidhani kwamba wote walipiga magoti. Wengi walicheka. Alphonsine alikuwa mgeni pale, ametoka mbali upande wa mashariki, tena alikuwa mwanafunzi mpya. Wakasema anajifanya, au ana wazimu, au ana pepo. Walimzomea. Mmoja wa waliomdhihaki sana alikuwa Marie Claire Mukangango.

Tarehe 12 Januari 1982 alifuata Nathalie Mukamazimpaka, msichana aliyejulikana kwa kupenda sala. Tarehe 2 Machi 1982 akafuata Marie Claire, yule yule aliyekuwa akimcheka mwenzake. Hapo shule nzima ilishangaa. Mama hakuchagua wapole tu, alimwita pia aliyekuwa akiongoza mzaha.

Kanisa halikukurupuka. Askofu aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia mwaka ule ule wa 1982. Mwaka 1988 iliruhusiwa ibada ya hadhara. Tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba Bikira Maria aliwatokea kweli wasichana hao watatu. Uchunguzi ulichukua karibu miaka 20. Hata baada ya tangazo hilo, Kanisa linatufundisha kwamba matokeo ya namna hii hayaongezi neno lolote juu ya Injili. Yanatukumbusha tu Injili tuliyoisahau.

3. SALA BILA UNAFIKI

Basi Kibeho ilikumbusha nini? Wasichana wale walisema Mama anawaita watu watubu na wageuze mioyo yao, wasali bila kuchoka, na wasali bila unafiki. Hilo neno la mwisho ndilo tunalotaka kulishika leo.

Unafiki katika sala ni nini? Si kusinzia katikati ya Rozari. Hilo ni uchovu, na Mungu anajua kwamba tumeshinda foleni ya maji. Si kukosea maneno. Unafiki ni kumwita Maria Mama yangu, huku nikikataa kwamba jirani yangu ni mtoto wake. Yesu alipokuwa msalabani alimkabidhi mwanafunzi kwa Mama yake na Mama kwa mwanafunzi (Yohane 19:25-27). Anayempokea Mama huyu, anapokea na watoto wake wote. Haiwezekani kumchukua mama na kuwaacha ndugu mlangoni.

4. SHULE MBILI

Ndugu zetu, hatuwezi kuzungumza juu ya Kibeho tukaishia mwaka 1982. Mwezi Agosti mwaka ule wasichana walisema wamemwona Mama akilia, nao waliona mambo ya kutisha sana, damu na maiti. Miaka 12 baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo. Mwezi Mei mwaka ule ule, wanafunzi Watutsi wa shule moja ya pale Kibeho nao waliuawa. Aprili 1995 watu wengi waliokuwa wamekimbilia kambi ya Kibeho walikufa kwa risasi na kwa kukanyagana. Marie Claire mwenyewe hakuuona mwisho wa miaka ile, naye aliuawa.

Waliouawa na waliowaua, wengi walikuwa wamebatizwa. Wengi walijua Salamu Maria tangu utotoni. Tunayasema haya kwa uchungu, wala si kwa kumhukumu yeyote. Yanatuonyesha kwamba Rozari si hirizi. Haimzuii mtu kuua ikiwa ameifunga shingoni na kuuacha moyo wake nje.

Sasa sikilizeni habari ya shule nyingine, ya huku kwetu magharibi. Ni Shule ya Sekondari ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia madarasani wakati wanafunzi wakijisomea. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa. Msichana Marie Chantal Mujawamahoro alijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Aliuawa, na wenzake wengine waliuawa au kujeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wanahesabiwa kati ya mashujaa wa taifa la Rwanda.

Hatujui kila mmoja wao alisali namna gani. Lakini tunajua walichofanya: walikataa kumtoa mwenzao. Kijana anayeweza kufanya hivyo hakujifunza usiku ule. Alijifunza kidogo kidogo, kwa kugawana kalamu, kwa kukaa dawati moja, kwa kutomcheka mwenzake lafudhi. Ndiyo sababu mzaha wa watoto wetu baada ya Rozari si jambo dogo. Kutengana kwa bunduki hutanguliwa na kutengana kwa maneno.

5. ROZARI YA MATESO SABA

Kupitia Marie Claire, Kibeho ilirudisha pia ibada ya zamani ya Kanisa, yaani Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Haichukui nafasi ya Rozari ya kawaida. Ina mafungu saba, na kila fungu lina Baba Yetu moja na Salamu Maria saba. Mwishoni huongezwa Salamu Maria tatu. Mateso yenyewe ni haya:

- Utabiri wa mzee Simeoni (Luka 2:34-35).
- Kukimbilia Misri (Mathayo 2:13-15).
- Kupotea kwa mtoto Yesu siku tatu (Luka 2:41-50).
- Maria kukutana na Yesu katika njia ya msalaba.
- Maria kusimama chini ya msalaba (Yohane 19:25-27).
- Kupokea mwili wa Yesu ulioteremshwa msalabani.
- Kuzikwa kwa Yesu.

Wapendwa, someni tena teso la pili. Familia Takatifu iliamka usiku, ikachukua mtoto, ikavuka mpaka kwa sababu mfalme alitaka kuua. Nani kati yetu hajui usiku wa namna hiyo? Someni teso la tatu. Kuna akina mama hapa waliopoteana na watoto wao njiani, na wengine bado wanangoja habari. Someni la saba. Kuna waliozika haraka kando ya barabara, na kuna ambao hawakupata hata kuzika. Maria anayajua haya kwa kuyapitia mwenyewe.

Lakini tuwe waangalifu. Uchungu wangu unaweza kunifungia ndani, niseme hakuna aliyeteswa kama mimi. Rozari hii inatutoa humo. Tunapotaja teso la Mama, tutaje na teso la jirani. Mkongomani amtaje Mnyarwanda, mwenyeji amtaje mkimbizi. Usiku ule wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko ya mto Sebeya yalipobomoa nyumba na kuua watu katika Rubavu, wenyeji nao walijua maana ya kulala bila paa. Machozi hayana kabila.

6. TUFANYE NINI?

Nyumbani. Kama Rozari nzima ni ndefu kwa watoto, salini kumi moja kila jioni, lakini msikose. Asiye na Rozari atumie vidole, au afunge mafundo kwenye kamba: mafungu saba ya mafundo saba yanatosha kwa Mateso Saba. Kabla ya kuanza, baba au mama aulize: "Kuna tuliyemkosea leo?" Kama yupo, atajwe, na kesho aombwe msamaha. Mzazi aanze yeye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Shuleni. Tunawaomba walimu na viongozi wa vikundi vya sala wasiwapange watoto kwa lugha wala kwa mahali walikotoka. Kila kumi iongozwe na mtoto tofauti: mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kinyarwanda, mwingine kwa Kifaransa. Wenzake waitikie kwa lugha hiyo hiyo, hata kama watakosea. Mtoto anayejifunza sala ya mwenzake hatamcheka tena kirahisi.

Katika jumuiya. Mkikutana kusali, kwanza ulizeni nani hayupo, na kwa nini. Kama hayupo kwa sababu ya ugomvi, wawili waende kwake kabla sala haijaanza. Bwana wetu alitufundisha kupatana na ndugu kwanza, ndipo kutoa sadaka (Mathayo 5:23-24).

Na yule mama aliyetuuliza swali? Tulikwenda kwake pamoja na watoto watatu waliomcheka mwanawe. Hawakusema maneno mengi. Mmoja alimpa Rozari yake ya plastiki, mwingine akasema samahani. Jioni ile tulisali kumi moja pale mlangoni kwake. Mtoto hakuongoza sala, lakini aliitikia. Kwetu hiyo ilitosha kuwa mwanzo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, kuna mtu ninayesali naye lakini simsalimii? Ni nini kinanizuia?
2. Kati ya mateso saba ya Maria, lipi linafanana na safari yangu? Lipi linafanana na la jirani yangu?
3. Watoto wetu wanasikia maneno gani nyumbani juu ya watu wa kabila au nchi nyingine?
4. Wanafunzi wa Nyange walikataa kujitenga. Sisi tunaweza kukataa nini wiki hii?

TUSALI

Ee Mungu Baba, ulimlinda Mwanao katika nchi ya ugeni, mikononi mwa Maria na Yosefu. Utuangalie sisi tulioacha nyumba zetu, na wote waliotupokea. Uondoe unafiki katika sala zetu na dharau katika vinywa vyetu. Maria, Mama wa Neno, uwakusanye watoto wako walio hapa na waliopotea njiani, utuombee tuwe ndugu kweli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.