Tusome Bahasha ya Dawa: Kiasi na Asili



Wengi wetu hupewa dawa zahanati, tukafika nyumbani tusielewe tarakimu zilizoandikwa juu ya bahasha. Leo tujifunze kusoma sehemu, kwani kosa dogo la hesabu laweza kumdhuru mgonjwa.

Sehemu ina namba mbili zilizotengwa na mstari. Namba ya chini huitwa asili. Hutuambia kitu kizima kimegawanywa katika vipande vingapi vilivyo sawa. Namba ya juu huitwa kiasi. Hutuambia tumechukua vipande vingapi kati ya hivyo.

Kata chungwa vipande 4 vilivyo sawa. Ukila kipande 1, umekula 1/4, yaani robo. Ukila vipande 3, umekula 3/4, yaani robo tatu. Asili ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi.

Angalia: 4 ni kubwa kuliko 2, lakini 1/4 ni ndogo kuliko 1/2. Chungwa likigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja hupata kidogo.

Sasa tusome bahasha:

1/2 x 1: nusu kidonge, mara moja kwa siku.
1 x 2: kidonge kizima, mara mbili kwa siku.

Mama akizichanganya, mtoto aliyeandikiwa nusu kidonge kwa siku atapewa viwili. Hiyo ni mara 4 ya kipimo chake!

Mfano ni vidonge vya zinki vya miligramu 20, ambavyo mtoto anayeharisha hupewa pamoja na maji ya ORS. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa 1/2 ya kidonge kila siku, yaani miligramu 10. Aliyetimiza miezi 6 hupewa kidonge kizima. Dawa hii hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Kumbuka, nusu mbili lazima zilingane. Tena, si kila kidonge hufaa kukatwa. Muulize mganga kabla hujaondoka zahanati.

ZOEZI
1. Katika 3/4, asili ni ipi? Kiasi ni kipi?
2. Mtoto wa miezi 4 ameandikiwa zinki 1/2 x 1 kwa siku 10. Atahitaji vidonge vingapi?

MAJIBU
1. Asili ni 4, kiasi ni 3.
2. 1/2 x 10 = 10/2 = vidonge 5.