Jiwe la Mpaka Likipotea: Jinsi Mahali Pake pa Awali Panavyotafutwa

Jiwe la mpaka, ambalo wananchi wengi hulifahamu kwa jina la bikoni, ni kipande kifupi cha chuma kilichozungushiwa zege na kufukiwa kwenye kona ya kiwanja au shamba. Ni kitu kidogo, lakini ukubwa wa ardhi ya mtu, mahali pa kujenga ukuta na mara nyingi amani ya majirani wawili hulitegemea. Greda la barabara hulifukua, jembe hulivunja, mmomonyoko hulifukia, na wapo pia wanaoling'oa kwa makusudi. Likishatoweka, kila upande huja na mpaka wake.

Makala haya yanaeleza namna wapima ardhi wanavyotafuta mahali pa jiwe lililopotea, kazi inayoitwa ufufuaji wa mipaka, na nafasi ya mwananchi katika kazi hiyo.

Mpaka hufufuliwa, haupangwi upya

Kanuni ya kwanza ni kwamba mpima anayefufua mpaka hana mamlaka ya kupanga mpaka anaouona kuwa bora. Kazi yake ni kurudi mahali ambapo mpima wa kwanza aliliweka jiwe. Kwa sababu hiyo, jiwe la awali ambalo halijaguswa lina uzito kuliko tarakimu zilizoandikwa kwenye ramani, hata kama vipimo vya leo vinaonyesha tofauti ya sentimita chache. Watu walinunua, walijenga na walipanda miti kwa kuliangalia jiwe lililokuwa ardhini; tarakimu ziliandikwa ili kulieleza jiwe hilo.

Ni vema pia kutofautisha hali tatu. Jiwe lililofichika bado lipo chini ya udongo. Jiwe lililoharibika halipo, lakini mabaki yake yanaonyesha lilipokuwa. Jiwe lililopotea kabisa halina mabaki wala alama inayoaminika, na hapo tu ndipo hesabu inapopewa neno la mwisho. Mpima makini halitangazi jiwe kuwa limepotea kabisa kabla ya kuchimba.

Ushahidi wa kumbukumbu

Kazi huanzia ofisini. Mpima hutafuta ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, maandishi ya vipimo yaliyochukuliwa uwandani wakati wa upimaji wa kwanza, hesabu zake, pamoja na ramani za viwanja jirani. Ramani za jirani ni muhimu kwa sababu jiwe moja huweza kuwa kona ya viwanja viwili, vitatu hata vinne, na kila kiwanja huwa na maelezo yake kuhusu jiwe hilo.

Kumbukumbu za zamani zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ramani nyingi za enzi ya ukoloni ziliandikwa kwa futi, na futi moja ni mita 0.3048. Anayesoma umbali wa 100 akidhani ni mita, ilhali ni futi, atakosea kwa karibu mita 70. Mwelekeo uliopimwa kwa dira nao hubadilika kadiri miaka inavyopita, kwa kuwa kaskazini ya sumaku haitulii mahali pamoja. Vilevile, ramani nyingi nchini zimechorwa kwa mfumo wa majiranukta wa Arc 1960, ambao hautoi tarakimu sawa na mfumo unaotumiwa na simu za mkononi. Ndiyo maana mwananchi anayechukua namba za kwenye ramani na kuzifuata kwa simu yake huweza kufika mbali kabisa na kona anayoitafuta. Hata mifumo ikilingana, simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa.

Ushahidi wa uwandani

Baada ya kumbukumbu, mpima huenda ardhini. Huanza na mawe yaliyosalia na alama za msingi za upimaji zilizo karibu, akihakiki kama umbali baina yake unalingana na ramani. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa jiwe kusimama si uthibitisho kwamba limesimama mahali pake. Jiwe lililohamishwa hugundulika pale ambapo vipimo vyake vinakataana na vya mawe mengine yote.

Mpima akishakadiria mahali pa kutafuta, udongo huondolewa taratibu, tabaka kwa tabaka. Vipande vya zege, kutu iliyoacha rangi kwenye udongo, au shimo lililobaki pale chuma kilipong'olewa ni ushahidi wenye thamani. Sururu inayotumiwa kwa pupa huuharibu ushahidi huo kwa dakika moja.

Mimea nayo husema. Ua wa minyaa, mstari wa mkonge au masale yanayopandwa mipakani katika miteremko ya Kilimanjaro huweza kuonyesha mpaka ambao majirani waliutambua kwa miaka mingi. Hata hivyo, ua huenda ulipandwa kwa kukisia, hivyo husomwa pamoja na ushahidi mwingine.

Wazee na majirani husikilizwa, ikiwezekana kila mmoja peke yake. Anayesema, "Nililiona jiwe hapa, karibu na mwembe huu," ana uzito kuliko anayesema aliambiwa. Maelezo ya shahidi asiye na maslahi katika ardhi hiyo huhesabiwa zaidi.

Mfano wa hesabu

Chukulia mawe matatu yaliyopangwa kando ya barabara. Ramani ya zamani inaonyesha futi 100 kutoka jiwe la kwanza hadi la pili, na futi 80 kutoka la pili hadi la tatu. Jumla ni futi 180, yaani mita 54.864. Jiwe la pili, linalotenganisha majirani wawili, halionekani. Jirani wa kushoto, mama mzee, anashikilia kwamba mpaka ni ua wa minyaa, ulio mita 31.90 kutoka jiwe la kwanza. Jirani wa kulia, aliyepima kwa simu, anadai mpaka uko mita 28.90, na fundi wake tayari amechimba msingi wa ukuta unaoelekea kupita kwenye jiko la mama huyo.

Mpima anapima kutoka jiwe la kwanza hadi la tatu na kupata mita 54.90. Tofauti ya sentimita 3.6 hugawanywa kwa uwiano: 100 kwa 180 ya mita 54.90 ni mita 30.50. Hapo ndipo pa kuchimbwa. Chini ya udongo, mita 30.52 kutoka jiwe la kwanza, kinapatikana kitako cha zege chenye tundu lenye kutu. Ramani inaonyesha futi 150, yaani mita 45.72, hadi jiwe la nyuma. Umbali uliopimwa ni mita 45.70.

Jiwe jipya litawekwa mita 30.52, penye tundu la chuma. Hesabu ya mita 30.50 ilisaidia kutafuta, na ingetumika tu kama chini kusingekuwa na kitu. Hivyo majirani wote wawili walikosea: msingi wa ukuta umeingia mita 1.62 upande wa mama, na ua umeingia mita 1.38 upande wa jirani yake. Ikiwa ua unakwenda sambamba na mpaka hadi nyuma, eneo hilo ni takribani mita za mraba 63.

Mahali ambapo kazi ya mpima huishia

Mpima hujibu swali moja: jiwe lilikuwa wapi. Nani ana haki juu ya kipande ambacho mmoja amekitumia kwa muda mrefu ni swali la kisheria. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, imeweka miaka 12 kuwa muda wa kufungua shauri la kudai ardhi. Kwa hiyo anayekawia kudai anaweza kujikuta na ramani sahihi lakini bila nafasi ya kusikilizwa. Majirani wasipopatana, hufuata usuluhishi na vyombo vya kisheria vya kutatua migogoro ya ardhi. Taarifa ya mpima huko hutumika kama ushahidi, si hukumu.

Mwananchi afanye nini?

1. Asimamishe ujenzi wowote kwenye mpaka wenye utata, na asichimbe kutafuta jiwe yeye mwenyewe.
2. Awasilishe maombi ya maandishi katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, akiambatanisha nakala ya hati au barua ya toleo na namba ya kiwanja.
3. Alipe ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na kutunza stakabadhi. Fedha taslimu zisikabidhiwe kwa mtu.
4. Siku ya kazi, majirani wote wanaopakana wawepo pamoja na kiongozi wa mtaa au kijiji, na kila mmoja aonyeshwe jiwe likiwekwa.

Ikumbukwe kwamba kuondoa alama ya mpaka kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. Njia nafuu kuliko zote ni kulitunza jiwe lililopo: kulifyekea majani, kumwonyesha dereva wa greda kabla hajaanza kazi, na kuwaonyesha watoto kona zote za kiwanja pamoja na majirani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ardhi, daftari ni ramani iliyoko ofisini na jiwe lililoko ardhini, na vyote viwili vinahitaji kutunzwa.