MTOTO MCHANGA NA BARIDI YA MVUA



Likizo ya Pasaka inakaribia. Huku kwetu Bukavu mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Kwa hiyo wengi wetu tutakuta nyumbani matope, nguo zisizokauka, na pengine mtoto aliyezaliwa sisi tukiwa shuleni. Wavulana wamekwisha kutuambia: « Hiyo ni kazi ya wamama. » Sisi tunajibu: hapana. Nani anatumwa kuwasha mbabula? Nani anachota maji ya kuogesha? Ni sisi. Ndiyo maana kapita wenu ameomba nafasi katika gazeti hili.

JAMBO LILILOTUPATA

Mwaka jana mama yetu alizaa mwezi wa 4. Siku ya pili aliporudi kutoka maternite, usiku mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika. Tukagusa miguu ya mtoto: baridi kama jiwe. Basi, kwa akili yetu, tukawasha mbabula ya makala, tukaiingiza chumbani, tukafunga mlango na dirisha, tukaziba na gunia pale upepo ulipopita. Tulijiona tumefanya vizuri kabisa.

Baada ya muda kichwa kikaanza kutuuma, mdogo wetu akatapika. Kwa bahati shangazi, aliyekuwa zamani mzalishaji, alikuja kuuliza hali ya mtoto. Alipofungua mlango alipiga kelele: « Munataka kufa? Mutoshe ile mbabula! » Tukaitosha mbio, wote tukatoka barazani kupata hewa. Chumba kilipopata hewa safi, alimvua mtoto nguo zilizolowana, akamwachia kofia na kitambaa kikavu cha matako, akamlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Akawafunga pamoja na kikwembe, na blanketi juu. Kabla ya jogoo kuwika miguu ilikuwa na moto na mtoto alikuwa akinyonya. Kulipokucha tulikwenda wote kwa muganga, akatupima. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Lakini tulikuwa karibu sana.

KWA NINI MTOTO ANAPATA BARIDI UPESI?

Mtoto anatoka tumboni, mahali penye moto, tena anatoka akiwa amelowana. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwili ni kidogo, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo moto mwingi unapotelea hapo. Joto lake linapashwa kuwa kati ya digri 36,5 na 37,5. Likishuka, mtoto analegea. Akilegea hanyonyi. Asiponyonya hana nguvu ya kujipasha moto, na baridi inazidi. Hivi ndivyo mtoto anavyoweza kufa bila kulia sana, na watu wanasema: « Alikuwa mtoto mtulivu. »

MBABULA CHUMBANI NI HATARI

Makala yanapowaka yanatoa hewa ambayo wenzetu wa kemia wanaijua kwa alama CO. Haina rangi, haina harufu. Inakamata nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu anaweza kulala asiamke tena. Moshi kutoonekana si ushuhuda kwamba chumba ni salama. Mbabula ibaki inje, usiku na mchana.

KIFUA CHA MAMA

Kule Bogotá, katika inchi ya Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati, na mashini za kuwapasha moto hazikutosha. Akaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao. Leo njia hiyo inafuatwa katika inchi nyingi na inaitwa njia ya kanguru. Haiombi makala wala umeme. Mama akichoka, baba naye ana kifua.

MAMBO YA KUFUATA

1. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Baadaye, maji yawe ya uvuguvugu, mfanye upesi, na mumpanguse mara moja, kichwa kwanza.
2. Avae kofia na soksi. Kitambaa kilicholowana kibadilishwe saa ile ile.
3. Nguo zilizoanikwa inje zipigwe pasi pande zote, sababu kuna nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na funza wake wanaingia katika ngozi.
4. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Wakati wa mvua uchafu wa mlimani unashukia katika visima.
5. Kitovu kibaki kikavu na safi. Msitie majivu, mavi ya ng'ombe wala majani: tetanosi inaweza kuingilia hapo.
6. Alale ndani ya mustikere yenye dawa, sababu mvua inaleta imbu.
7. Anayemshika anawe mikono kwa sabuni.

MSINGOJE MVUA IISHE

Mpelekeni kwa muganga bila kukawia mtoto anayekataa kunyonya. Anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Ambaye kifua kinaingia ndani akivuta pumzi. Mwenye homa, au anayebaki baridi hata akiwa kifuani. Anayeshtuka-shtuka kwa degedege. Mwenye kitovu chekundu au chenye usaha. Au mwenye viganja vya manjano. Njiani abebwe kifuani, chini ya nguo, si mgongoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

a) Kwa nini mtoto mwenye baridi anaacha kunyonya?
b) CO inafanya nini katika damu?
c) Leo usiku umeme ukikatika, utafanya nini kwanza?

Wapendwa, mwaka huu ni wa mwisho kwetu katika shule hii. Mambo mengi ya daftari tutayasahau. Hili tulilifunza kwa woga, ninyi jifunzeni kwa kusoma. Mkifika nyumbani, waonyesheni wazazi kwa heshima, na mbabula itoeni ninyi wenyewe.

Ni sisi, kapita wenu.